Wimbi Likigonga Mlima

Msikilizaji, ukizunguka nyuma ya milima ya Uluguru, Morogoro, redio huanza kukoroma: mlima umekatiza wimbi. Kulikokotoa wimbi hilo kwa kompyuta ni kazi pevu. Kwenye megahezi 100, wimbi lina urefu wa mita 3, na desturi ni kuweka walau nukta 10 za hesabu kwa kila wimbi. Mchemraba wenye upande wa kilomita moja tu unadai nukta bilioni 37!

Dawa ni kuligawa eneo vipande, kila kompyuta ilime chake, kisha majibu hayo yaharakishe hesabu ya eneo zima. Mjerumani Hermann Schwarz alibuni ugawaji huo mwaka 1870, kwa kalamu. Ila ugomvi uko mipakani mwa vipande. Ukijenga ukuta, wimbi hugonga na kurudi, hesabu haitulii. Mpaka sharti ulipitishe, kama mfereji utokao kwa jirani.

Mazimbu, Morogoro, palipokuwa na shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, hadi 1992, leo Chuo Kikuu cha Sokoine hufundisha hisabati. Somo hili lingefaa hapo: mlima wenyewe unaonekana dirishani.