Andiko la Mradi Lianze kwa Mwalimu, Lisianze kwa Mfadhili

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu na walimu na watumishi wa serikali huko Haneti, wilayani Chamwino, juu ya uandikaji wa maombi ya ruzuku kwa ajili ya programu za kuandaa walimu wa sayansi na hisabati.)



Mimi si fundi wa maabara. Kazi yangu ni kalamu. Lakini andiko la mradi nalo ni kazi ya kalamu kabla halijawa kazi ya fedha, na katika miaka yangu ya gazetini nimeyasoma maandiko mengi ya namna hiyo. Mengi yamepigwa chapa vizuri, yana majedwali ya kupendeza, na ukiondoa jina la wilaya huwezi kujua kama yanaizungumzia Chamwino, Chunya au Chakechake. Hilo ndilo jambo lililonifanya nikubali mwaliko wenu.

Hapa Haneti tunakanyaga sayansi kila siku. Jiwe la kijani linaloitwa krisopresi, ambalo limeipa Haneti jina hata kwa wanunuzi wa vito wa ng'ambo, limepata rangi yake kutokana na nikeli, na nikeli yenyewe imetafutwa na makampuni katika vilima hivi hivi. Mtoto wa hapa analijua jiwe hilo kwa macho. Swali ni kama yupo mwalimu wa Kemia wa kumweleza kwa nini ni la kijani, na kama yupo, ana vipindi vingapi kwa juma, na analala wapi.

Ndugu Mwenyekiti, katika mitihani ya kidato cha nne ya mwaka 2020 na 2021, waliofaulu Hisabati nchini walikuwa kama mmoja tu katika kila watahiniwa watano. Aliyefeli Hisabati kidato cha nne ni vigumu kurudi kuwa mwalimu wa Hisabati. Kwa hiyo upungufu unazaa upungufu, na ndiyo sababu programu za kuandaa walimu hawa zina uzito kuliko miradi mingi tunayoililia.

Tusidhani kwamba taifa limekaa kimya. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974 na kuamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, walimu hawakuwapo. Walipatikana kwa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa waratibu waliowafuata vijijini. Wapo wanaowabeza walimu wale mpaka leo. Ni kweli kwamba elimu yao ilikuwa fupi, na katika Hisabati ufupi huo ulionekana. Lakini mpango ule ulikuwa na jambo moja ambalo maandiko ya siku hizi huwa hayana: mwalimu aliandaliwa mahali pale pale alipotakiwa kubaki.

Halafu kuna somo la karibu zaidi, la hapa hapa mkoani. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzisha stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari kwa vijana waliomaliza kidato cha nne. Nia ilikuwa njema. Mwishoni mwa Mei 2016 wanafunzi zaidi ya elfu saba waliambiwa wafungashe mizigo na kurudi makwao, kwa sababu wahadhiri walikuwa wamesimama kufundisha programu hiyo kutokana na mgogoro wa malipo yao. Baadaye serikali iliwachambua kwa sifa zao, na wengi wa waliokubaliwa kuendelea wakahamishiwa vyuo vya ualimu. Sisemi haya kumnyooshea mtu kidole. Nasema kwa sababu kila anayeandika mradi wa kuandaa walimu hupenda kuanza na idadi ya wanachuo, maana idadi kubwa huvutia macho. Saa za yule atakayewafundisha, nani atazilipa na kutoka fungu gani, huachwa zitajulikana mbele ya safari. Hapo ndipo safari inapokatika.

Vivyo hivyo kwa majengo. Kati ya 2012 na 2015 wananchi walichanga, walibeba mawe na mchanga, na shule za kata zikajengewa vyumba vya maabara vya Fizikia, Kemia na Bayolojia. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini jengo halifundishi, na maabara isiyo na mwalimu wa sayansi haichelewi kugeuka stoo ya madawati mabovu. Mfadhili naye hupenda jengo kwa kuwa jengo hupigwa picha. Mwalimu aliyekaa Haneti miaka sita bila kuomba uhamisho hapigwi picha.

Wenzetu wa Kenya walianzisha mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, mpango wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, uliojulikana kama SMASSE. Ulianza katika wilaya chache, ukaenea nchi nzima, na ukazaa kituo cha kudumu huko Karen, Nairobi. Wajapani walileta wataalamu na vifaa. Lakini mafunzo ya walimu wilayani yaliendeshwa kwa sehemu ya karo zilizolipwa na shule zenyewe. Sisi tumeondoa ada tangu 2016, kwa hiyo njia ile hatuwezi kuinakili. Tunachoweza kuchukua ni swali ambalo Wakenya walilijibu mapema: siku mgeni akiondoka, semina ya mwaka unaofuata italipiwa na nani? Andiko lisilo na jibu la swali hilo ni ombi la posho.

Hata Marekani, nchi yenye utajiri wote ule, haijatosheka na walimu wa fani hizi. Tangu 2002 wanao mpango uliopewa jina la Robert Noyce, wa kuwalipia masomo vijana wa sayansi watakaokuwa walimu. Sharti lake ni kwamba kwa kila mwaka mmoja wa ufadhili, mhitimu afundishe miaka miwili katika eneo lenye shida ya walimu. Asipotimiza, fedha ile hugeuka deni. Nchi ya mabepari imeona haja ya kumfunga kijana wake kwa wajibu, nasi wa Azimio la Arusha tunaona haya kuandika sharti hilo katika maandiko yetu!

Sasa nije kwenye fedha zenyewe, kwa kifupi. Kwanza tutofautishe mkopo na ruzuku. Zile dola milioni 500 ambazo Benki ya Dunia iliziidhinisha Machi 2020 kwa mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, zilikuwa mkopo, watalipa wajukuu. Pili, tusitazame ng'ambo tu. Upo Mfuko wa Elimu unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2001, na ambao umekwisha kutoa ruzuku za maabara na nyumba za walimu. Aidha, sheria ya madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji awe na mpango wa wajibu wake kwa jamii, uliokubaliwa na halmashauri. Panapochimbwa madini, mwalimu wa Kemia ana haki ya kutajwa katika mpango huo kabla ya uwanja wa mpira.

Ninalo neno jingine, na najua baadhi ya maofisa hawatalipenda. Maandiko yetu huandikwa kwa Kiingereza na mtaalamu mmoja aliyeko mjini, kwa sababu msomaji wake yuko Ulaya. Mwenyekiti wa bodi ya shule hutia sahihi asichokisoma. Mwaka wa pili wa mradi akiulizwa ahadi ya kijiji ilikuwa nini, hana la kujibu, na hapo tunasema wananchi hawana mwamko. Andiko na liandikwe kwanza kwa Kiswahili, lisomwe mbele ya mkutano wa kijiji, lipingwe, lirekebishwe, ndipo litafsiriwe. Mzee wa Kigogo ambaye hajui Fizikia ni nini anaweza kuwaambia jambo ambalo mtaalamu hakulijua: kwamba mwalimu aliyepita aliondoka kwa sababu ya maji, siyo kwa sababu ya mshahara. Basi nyumba na tangi la maji viingie katika bajeti ya kuandaa walimu, hata kama mfadhili atashangaa.

Kuhusu lugha ya darasani nitasema kidogo tu. Mtoto wa hapa huanza kwa Kigogo, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza hukutana na Fizikia kwa Kiingereza. Mwalimu asiyeandaliwa kumvusha katika kivuko hicho atafundisha msamiati wa kukariri. Sijaona maandiko mengi yenye fungu kwa kazi hiyo, na ni fungu dogo.

Ndugu Mwenyekiti, sikuleta kielelezo cha andiko, kwa kuwa mngekinakili. Ninaloomba ni kwamba kabla hatujatawanyika jioni hii tuandike ukurasa wa kwanza. Walimu wa taaluma waliomo humu wanayo madaftari ya ratiba. Wahesabu vipindi vya Fizikia, Kemia na Hisabati ambavyo tangu Januari vilipangwa na havikufundishwa, darasa kwa darasa. Ndugu Mtendaji aandike ni nyumba ngapi za walimu zinazokalika, na kila moja iko mwendo gani kutoka kwenye maji. Mimi nitashika kalamu.