Pango ihesabiwe na mwezi mubaya

Wengi wenu mlirudi Kasongo na Kabambare mkakuta nyumba zimeanguka, sasa mko wapangaji. Tunaulizwa kila mara: pango ya ngapi tutaiweza?

Musihesabie mwezi wa kuuza mpunga, wala ule zahabu ilitoka vizuri. Hesabieni mwezi mubaya. Tuseme mwezi ule mnapata franka 60.000. Toeni chakula 35.000, masomo na dawa 10.000. Inabaki 15.000: hiyo ndiyo mwisho wa pango yenu. Nyumba ya 25.000 itakula sahani ya watoto.

Kisha kuna garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwa nyumba ya kuishi isipite miezi 3. Hapa ni 45.000, ongezeni pango ya kwanza, inafika 60.000, mapato yote ya mwezi. Kwa hiyo likelemba ianze mbele ya kuhama. Na muombe karatasi yenye sahihi, juu garanti ni feza yenu: mkitoka bila deni wala uharibifu, inarudi.

Wafadhili wetu, pango mnayotulipia inaisha na mwezi. Garanti mnayokopesha inarudi sandukuni, inasaidia jamaa ingine.