Jina la Mahali na Mshahara Wako



Nimepewa nafasi niseme habari ya mipaka. Sisi wa reli tumezoea stesheni kuwa na jina moja; dereva, gadi na karani wa tikiti wote husoma lile lile. Serikali haiko hivyo, na yatupasa kuelewa, maana mshahara wetu umo humo.

Tazameni Athi River. Iko Kaunti ya Machakos, moja katika kaunti 47 za Katiba ya mwaka 2010. Maofisa wa Serikali Kuu huitia katika Mashariki, kwa kufuata mkoa wa zamani. Watu wa maji hawafuati kaunti wala mkoa. Wao hufuata maji yateremkako, nao husema ni bonde la mto Athi. Siku ya kura, ni Mavoko. Hapo hapana ubaya: kila idara hugawa nchi kwa kadiri ya kazi yake.

Sasa sikilizeni Amri ya Mishahara. Ile ya mwaka 2022 iligawa Kenya mafungu matatu. La kwanza ni Nairobi, Mombasa na Kisumu. La pili ni zilizokuwa manispaa, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru. La tatu ni mahali pengine pote. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida kwa mwezi, bila posho ya nyumba, kilikuwa Sh. 15,201.65, Sh. 14,025.40, na Sh. 8,109.90. Mwaka 2024 viwango viliongezwa. Wafanyakazi wa mashamba wana Amri yao mbali.

Mabaraza ya manispaa yalikwisha mwaka 2013, lakini mipaka yao ingali yapima mshahara. Basi tajiri wa kiwanda cha Athi River akikuambia, "Hapa ni Machakos tu, si mji," usikubali. Machakos ni jina la kaunti; Amri yataja Mavoko. Kwa hesabu ya mwaka 2022, neno hilo moja lingekupunguzia Sh. 5,915.50 kila mwezi.

Na yule akaaye hatua chache nje ya mpaka wa zamani? Hununua unga kwa bei ile ile, kwani unga hauulizi mpaka. Hilo ndilo chama chetu hakina budi kulidai: mipaka ya mshahara ipimwe upya kwa miji ilivyo leo.

Kabla ya kutia sahihi, ulizeni: hapa ni fungu gani? Msipojibiwa, mwoneni katibu wa tawi.

Umoja ni nguvu.