Kununua telefone na pano bila kuvunja amana: mazungumuzo na wanamemba wa Buleusa

 

Wanamemba Waislamu wa muungano huu njo walituomba tuongee juu ya jambo hili. Mutu amerudi nyumbani, pesa iko kidogo, na anahitaji telefone, pano ya jua, batri, radio. Anunue namna gani bila kuvunja dini yake na bila kuvunja nyumba yake? Tulikubali, juu swali hili ni la kila mutu hapa. Sisi hatuko mashehe. Fatwa muulize imamu. Tutaweka pamoja mafundisho ambayo Mwislamu anayajua tangu utoto na mambo tunayokuta kila siku tukipita vijijini.

Kwanza: haja mbele ya tamaa

Katika Uislamu mali ni amana. Mungu amekupatia uitunze, na siku moja utaulizwa uliipata wapi na uliitumia wapi. Israfu, maana yake kutumia kupita kiasi, inakatazwa hata kama pesa ni yako ya halali. Sura ya Al-Israa inawakemea sana wenye kufuja mali.

Hapo hatusemi kama telefone ni anasa. Kwa mutu aliyekimbia na kurudi, telefone njo inaleta habari ya usalama wa barabara, sauti ya mutoto anayesoma Kirumba, bei ya maharagwe huko Kanyabayonga. Lakini mbele ya kufungua mufuko, jiulize maswali tatu. Chombo hiki kitafanya kazi gani? Kitakula pesa ngapi kila juma kwa kushariji na kwa yunite? Na pesa hii nikiitoa leo, nini itakosa: mbegu, bati, ao minervali ya mutoto?

Telefone ndogo ya vibonye inakaa na moto siku nyingi. Ile kubwa ya kugusa inaomba moto kila siku. Kwa mwalimu ao mufanyabiashara inaweza kuwa haja ya kweli. Kwa mwingine ni muzigo wa kila juma.

Pili: chombo hiki ni cha nani?

Hapa tunaomba musikilize vizuri. Munakumbuka 2015 na 2016, namna watu walikimbia hapa na nyumba zikabaki wazi. Wakati kijiji kinakimbia, pano na batri njo vitu vya kwanza kuibiwa, juu vinabebeka mbio na vinauzika mbio. Kisha vinatokea kwenye soko ya mbali kwa bei ya chini sana.

Kwa Mwislamu, kununua kitu unachojua ni cha wizi ni kusaidia mwizi. Na kama hujui lakini bei inakushangaza, una lazima ya kuuliza. Kwetu sisi waliorudi jambo hili linapita hata dini. Jirani akikuta pano yake juu ya nyumba yako, maneno hayataishia kwa pano. Yatarudi kwa familia, kwa kabila, kwa vita. Dolari makumi mbili ulizofikiri umebakisha zinaweza kuvunja amani ambayo wazee walijenga kwa miezi.

Basi fanya hivi. Nunua mbele ya shahidi. Omba muuzaji aandike karatasi: jina lake, siku, bei, na namba ya chombo. Kwa telefone, piga *#06#. Utaona namba ya tarakimu 15. Uangalie kama ni sawasawa na ile ya karatoni, ao ile iliyo chini ya batri. Kama muuzaji anakataa kuandika, umepata jibu tayari.

Na kama umeshikwa na chombo cha mutu? Ukirudishe kupitia wazee, na umudai aliyekuuzia. Hiyo si aibu. Aibu ni kukificha.

Tatu: kagua, usidanganywe

Munajua habari ya Mtume sokoni. Aliingiza mukono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini imelowana na juu imekauka. Akamukemea muuzaji kwa kuficha. Hata leo kuna marundo ya namna ile, isipokuwa yamefungwa ndani ya karatoni.

Chukua mufano wa pano. Karatasi nyuma inaandika wati 100. Usiamini karatasi, chukua meta. Pano nzuri ya meta moja kwa meta moja inatoa karibu wati 200, jua likiwa kali kabisa. Kama ile pano iko na sentimeta 60 kwa 40, hiyo ni karibu robo ya meta. Haiwezi kupita wati 50, hata waandike elfu moja.

Pano ya kweli ya wati 50, ikipata jua nzuri saa ine kwa siku, inatoa moto wa kushariji telefone karibu kumi. Kwa hesabu hiyo mama anayetaka kufungua kazi ya kushariji atajua kama inalipa. Na siku za mvua apunguze.

Uislamu unamupa mununuzi haki ya kurudisha kitu chenye kilema kilichofichwa. Lakini haki hiyo ni rahisi kudai ukiwa na karatasi na shahidi. Na muuzaji Mwislamu, wewe pia uko na kazi: kama batri ni nzee, sema ni nzee.

Ine: deni

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iko ndani ya Al-Baqara, inafundisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Kwa hiyo kuandika si kukosa kuaminiana. Ni ibada.

Tuseme telefone ni dolari 60 kwa pesa mukononi, na dolari 75 kwa kulipa polepole miezi mitatu. Mashehe wengi wanakubali, kama bei moja imechaguliwa tangu mwanzo na haibadilike. Lakini wakisema ukichelewa inapanda 80, kisha 90, ile nyongeza ni riba. Uikimbie. Kuliko hiyo, wanawake watano ama sita waweke likelemba, kila mumoja apate kwa zamu yake, bila riba na bila usiku wa mawazo.

Tano: tunza ulicho nacho

Kasiterite inayotoka Bisie, huku kwetu Walikale, inatoa bati ya kuunganisha vipande ndani ya telefone. Kolta ya Rubaya, huko Masisi, inaingia pia ndani yake. Wandugu zetu wanachimba, na wengine wamebaki chini ya udongo. Mutu mumoja wa Buleusa hawezi kugeuza soko ya dunia. Lakini anaweza kuheshimu kile kilichogharimu jasho na damu: atengeneze kioo kilichopasuka, abadilishe batri tu, asitupe telefone nzima. Na batri ya asidi iliyokufa isitupwe mutoni ao shambani. Rundiko moja linaharibu maji ya wengi, na Uislamu unakataza kudhuru wengine.

Tunapendekeza kwa muungano

Daftari moja ikae kwa mwandishi wa muungano. Kila mwanamemba akinunua telefone, pano ao batri, aandikishe namba yake na jina la muuzaji. Tukikimbia tena, Mungu atuepushe, daftari itabebwa na katibu, na kila mutu atajua chake. Pia vijana wawili wajifunze kupima pano, wasindikize wale wanaokwenda kununua Kanyabayonga ama Kirumba.

Ile inayobaki tunaiacha mikononi mwenu. Nunueni kwa macho wazi, kwa karatasi, na kwa mali safi. Mungu abariki mavuno na alinde barabara zenu.