KUKOROMA USINGIZINI NA KIFAA CHA KUVAA KINYWANI

(Mazungumzo ya daktari wa meno kwa wafanyakazi wa Serikali)



Jambo nililoombwa kulizungumza leo watu hulicheka. Anayelala chumba kimoja na mkoromaji halicheki. Mkoromaji hajisikii. Anayekesha ni mwenzake, naye asubuhi hufika kazini amechoka na huona haya kueleza sababu.

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea, na akilala chali ulimi hurudi nyuma. Njia ya pumzi hubana, na hewa inapopenya nyama laini za kooni hutikisika. Mtikisiko huo ndio sauti tunayoisikia.

Kifaa ninachokikusudia huvaliwa juu ya meno ya juu na ya chini, kikalisogeza taya la chini mbele kwa milimita chache. Ulimi hufuata na njia hupanuka. Kisichanganywe na kinga ya mabondia wala ile ya wasagao meno. Hizo hazikukusudiwa kusogeza taya. Kilicho bora hutengenezwa na daktari wa meno kwa kipimo cha kinywa cha mhusika. Vipo vya kulainishwa kwa maji ya moto kisha vikang'atwa. Bei yake ni nafuu, lakini mara nyingi havikai sawasawa. Mwenye meno machache, meno yanayotikisika au maradhi ya kiungo cha taya asikitumie kabla ya kupimwa. Siku za mwanzo mate huwa mengi na taya huuma asubuhi, na baada ya miaka meno yanaweza kuhama kidogo. Kwa hiyo mtumiaji hupaswa kurudi kuangaliwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mkoromaji anayenyamaza ghafla, pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha akashtuka mfano wa anayekabwa. Hayo ni maradhi. Huambatana na shinikizo la damu na usingizi wa mchana, ambao kwa dereva au nahodha ni hatari kubwa. Huyo asijinunulie kifaa. Aende hospitali kwanza, kwani huenda akahitaji mashine ya kusukuma hewa puani, iliyoelezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Australia. Yeye mwenyewe hatakuwa na la kumweleza daktari, maana alikuwa amelala. Shahidi ni mume au mke, na kwa heshima zote naomba wafuatane.

Wengine, kabla ya kutoa fedha, wajaribu kulala ubavu, kupunguza unene na kuacha ulevi.