Majivu ya mpunga, nyuzi za magunia na kiwanja chenye ugomvi

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohama na viongozi wao, Lubunga, Kisangani



Tangu mapigano ya Mbole na Lengola yalipoanza mwaka 2023, wengi wenu mnaulizana: tutajenga tena na nini? Simenti inatufikia kutoka mbali, na bei yake mnaijua kuliko mimi. Lakini nyuma ya mashine za kukoboa mpunga kuna vilima vya maganda ambayo hayana mwenyewe.

Maganda hayo yakichomwa kwa moto wa polepole hutoa majivu ya kijivu yenye silika nyingi. Simenti ikishika maji hutoa chokaa. Silika inaikamata chokaa hiyo na kuigeuza kuwa gundi. Yasageni majivu hadi yawe laini kama unga. Katika kila ndoo kumi za simenti, toeni moja, tieni moja ya majivu. Yaliyo meusi muyaache, hayakuungua vizuri. Tena matofali haya hukawia kukomaa: yafunikwe na kumwagiwa maji wiki mbili nzima. Hapo ndipo wengi wetu tunakosa subira.

Nyuzi ni kazi nyingine. Magunia ya plastiki yaliyochanika, yakikatwa kwa urefu wa kidole, huzuia nyufa zisipanuke. Tieni kidogo tu, zikizidi zinafanya mafundo. Nyuzi za mikungu ya mawese zinafaa pia, ila zioshwe mafuta, la sivyo simenti haishiki. Na kwa miaka huoza. Juu ya mlango na dirisha bado kunahitaji chuma. Asiyeamini atengeneze matofali sita, matatu hivi, matatu ya kawaida, ayaangushe baada ya siku 28.

Sasa neno gumu. Mtu akijenga kwa udongo, jirani huona anakaa tu. Akimwaga betoni, jirani huona amechukua ardhi. Kwenye kiwanja kinachodaiwa na watu wawili, tofali imara linaweza kurudisha mapanga. Mimi sitafundisha mtu kujenga hapo kabla pande zote hazijaketi.

Kwa hiyo tusianze na kuta. Tuanze na sakafu ya chanzo cha maji, wanapochota wote. Machifu, kila upande ulete vijana watano na ndoo ya majivu.