Gari Likizima Majini, Usiliwashe Tena

Maandishi ya mazungumzo na wakazi wa kata za ukanda wa ziwa kuhusu vyombo vya moto katika msimu wa mvua



Mvua za mkoa wetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, pengine Mei. Katika miezi hiyo tumezoea kusikia kwamba gari la fulani "limekunywa maji". Usemi huo ni sahihi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Injini huvuta hewa kupitia kichujio, huiingiza ndani ya silinda, kisha pistoni huipandia na kuibana. Katika injini ya petroli hewa hubanwa hadi ibaki takriban sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Katika dizeli hubanwa zaidi ya hapo. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Yakiingia silindani, pistoni inayopanda kwa kasi hukutana na kitu kisichobonyea. Nguvu yake yote hurudi kwenye konrodi, nayo hupinda, au hukatika na kutoboa ubavu wa bloku. Injini iliyofika huko haitengenezwi kwa fedha ya mfukoni.

Katika magari mengi madogo, mdomo wa kuvutia hewa upo mbele, karibu na kimo cha taa. Dereva huyatazama maji, akaona yanafika nusu ya tairi, akaamua kukanyaga mafuta ili avuke upesi. Kumbe kasi ndiyo inayomponza, kwa sababu gari husukuma wimbi mbele yake, na wimbi hilo hupanda hadi pale ambapo maji yaliyotulia yasingefika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Injini ikizima katikati ya maji, huenda maji yamelowesha mfumo wa umeme tu, na madhara si makubwa. Huenda pia yamekwisha kuingia silindani. Aliyeketi kwenye usukani hana njia ya kutofautisha hali hizo mbili. Kwa hiyo asiwashe tena, hata mara moja. Magari mengi huzima yakiwa bado yanaokoleka, na yanayoharibika huharibiwa na ule ufunguo wa pili, pale stata inapoizungusha injini yenye maji tumboni. Vijana watakuja kusukuma, na nia yao ni njema. Waambieni wasukume gari likiwa nyutro hadi nchi kavu. Kulisukuma ili liwake kwa gia ni hatari ileile, tena yenye nguvu zaidi.

Likishatoka, chomoeni waya wa betri na mwiteni fundi. Atakagua kichujio cha hewa. Kikiwa kimelowa, atafungua plagi, au nozeli kwa gari la dizeli, na kuizungusha injini taratibu ili maji yatoke. Atachomoa kijiti cha oili. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa imechanganyika na maji, na lazima imwagwe kabla injini haijawashwa. Giaboksi na difu navyo vikaguliwe. Msiridhike kwa sababu tu gari limewaka: konrodi iliyopinda kidogo inaweza kutembea kwa wiki kadhaa, kisha ikakatika siku ambayo hakuna mvua wala wingu.

Najua kinachomsukuma dereva wa bajaji aingie majini: jioni anasubiriwa na hesabu ya mwenye chombo. Rai yangu kwa wamiliki ni kwamba anayedai hesabu kamili siku ya mafuriko anajinunulia injini mpya. Wengi tuna bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, nayo hailipi uharibifu wa chombo chako mwenyewe. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake kuhusu mafuriko sasa, kabla hajahitaji kudai.

Hapa kwetu maji ni ya namna mbili. Yapo yanayoteremka vilimani baada ya mvua kubwa. Hayo huja kwa nguvu, na mengi hupungua baada ya saa chache. Anayesubiri hupoteza muda tu. Maji ya ziwa huja polepole na hukaa. Miaka ya karibuni, hadi 2024, yamepanda na kufunika maeneo ya Kibirizi na Katonga. Si ajabu mpya, kwani Tanganyika lina kawaida ya kusogea. Pale Ujiji, Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, ufuko ulikuwa karibu. Leo kutoka kwenye mnara wa kumbukumbu hadi majini ni mwendo, kwa sababu ziwa lilishuka sana baada ya mto Lukuga, ulioko ng'ambo ya Kongo, kufungua njia yake mwaka 1878. Barabara iliyofunikwa kwa muda mrefu huliwa chini kwa chini. Anayesema "njia hii naijua" anaijua ile ya mwaka jana.

Maji ya sentimita 30 yanayotembea yanaweza kuliyumbisha na kuliinua gari dogo. Sentimita 60 hubeba magari mengi, abiria wakiwa ndani. Abiria, mna haki ya kumwambia dereva awashushe. Atakayenaswa apige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kalvati lililoziba au barabara iliyomeguka, mpeni taarifa mtendaji wa mtaa siku hiyohiyo, mkitaja mahali kwa alama inayojulikana, ili TARURA, au TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, wafike pasipo kuuliza njia.